Kocha Aliyetuchagulia Skii

Ukucha wa kidole gumba cha Kocha, wa mkono wa kushoto, haukuwahi kuwa mzima. Kila aliposhika skii, ule ubao mwembamba wa kuvaa mguuni na kutelezea kwenye theluji, ya kwake au ya mtu asiyemjua, kitu cha kwanza alichofanya ni kuupitisha ukucha huo kwenye chuma chembamba kinachozunguka ukingo wa skii, kutazama kama kinaukwangua. Kikikwangua, makali yapo. Kisipokwangua, alimrudishia mwenyewe na kumwambia, "Hii ni ya kukatia vitunguu, bwana." Alifanya hivyo dukani, alifanya hivyo kwenye maegesho ya magari, na mara moja alifanya hivyo ndani ya basi la barabara ya Kipling kwa skii za Mzungu mmoja ambaye hata jina lake hatukulijua. Mzungu alicheka, na sisi watoto tulitazama nje ya dirisha tukijitia hatumjui mzee yule ni nani.

Kwa ambao hawakumfahamu: alikuwa Mhindi wa Mwanza, mwenyewe alijiita hivyo, Ismaili, mwenye duka la viatu kule Unionville, upande wa pili wa Toronto. Kila Jumamosi ya majira ya baridi alivuka mji mzima kwa vani yake, akaja kutuchukua sisi watoto wa maghorofa ya Rexdale, akatupeleka kuteleza kwenye theluji. Hakuna aliyemtuma. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake wanazo wanawe, wakitaka watazieleza. Mimi nina zangu. Na niseme mapema, asije mtu akaniuliza baadaye mbona najivuna: ndiyo, najivuna. Nilifundishwa na mtu aliyeijua barafu ya Toronto kuliko yeyote niliyewahi kukutana naye, na katika kazi yangu nimekutana na wengi.

Barafu hiyo yenyewe inahitaji maelezo. Watu wakisikia skii hufikiria theluji laini ya kwenye kalenda, mtu anashuka mlima mkubwa huku vumbi jeupe likiruka nyuma yake. Hiyo ni ya wenzetu wa magharibi mwa nchi. Kwetu theluji huanguka mwanzoni mwa wiki, mvua ikainyeshea, jua likachungulia kidogo, kisha baridi ikarudi kwa hasira, na ikifika Jumamosi kile kilima chetu kidogo cha kaskazini mwa mji kimekuwa sakafu. Ukisimama juu yake unasikia skii zinalia. Na sisi hatukuridhika na kushuka tu. Pembeni ya kilima walikuwa wamesimika mabomba na reli za chuma, mfano wa zile za kushikilia kwenye ngazi za mjini, na raha yetu yote ilikuwa kurukia juu ya chuma kile, kuteleza kiubavu mpaka mwisho, kisha kutua kwenye sakafu ile ile na kubaki wima.

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Barafu inataka skii yenye makali, la sivyo unakwenda inakokutaka yenyewe. Reli inataka skii butu, kwa sababu makali yakinasa kwenye chuma unatupwa kifudifudi. Mwenye uwezo hununua jozi mbili. Sisi tulikuwa na jozi moja, pengine moja kwa ndugu wawili wanaopokezana. Kocha aliishi kati ya mambo hayo mawili tangu nilipomfahamu, akisuluhisha, akipunguza hapa na kuacha pale, na sikumbuki siku aliyoridhika moja kwa moja na suluhu yake.

Kitu kimoja tu alikiogopa, na hakuficha. Chini ya kilima kulikuwa na chumba cha kupumzikia chenye dirisha kubwa la kioo, na ndani yake waliketi wazee waliokuwa wakiteleza zamani, ambao watoto wao au madaktari wao walikuwa wamewaambia basi. Waliketi na vikombe vyao wakitazama wengine. Kocha akipita mbele ya dirisha lile aliongeza mwendo. "Siku mkiniona nimekalishwa mle ndani," alituambia, "msije kunisalimia. Mpigieni simu wa kuchimba kaburi." Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Watoto wake walikuwa wameshaanza kumwambia apunguze, na alijua siku itafika ambapo hawatamwambia tena bali watamwamulia. Alichotaka ni kubaki juu ya theluji kwa miguu yake mwenyewe.

Mara ya kwanza kumwona akigombana na mtu, aligombana na mama yangu. Mama alifanya kazi ya zamu kwenye bohari moja karibu na uwanja wa ndege, na kwa upande wa manunuzi alikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: mtoto hununuliwa kitu cha kukulia. Viatu vyangu vilijazwa pamba puani. Koti langu lilikunjwa mikono mara mbili, na likaanza kunikaa sawa wakati limeshachanika. Basi Mama aliposikia natakiwa kuwa na skii, alikwenda kwenye mitumba akarudi nazo ndani ya basi, amezifunga kwa kanga, ndefu zimempita yeye mwenyewe kwa kichwa. Zilikuwa za mbio, ngumu hazipindi. Kocha alipozitoa kwenye ile kanga alizitazama juu mpaka chini.

"Mama Rehema, hizi umemnunulia nani?"

"Shikamoo kwanza, Kocha."

"Marahaba. Umemnunulia nani?"

"Si huyu hapa. Atakua."

"Atakua lini?"

"Si mwakani, basi mwaka unaofuata. Kwani skii zinaoza?"

"Haziozi. Mtoto ndiye anavunjika."

Mtu mwingine angenywea. Mama akaweka mkono kiunoni. "Kocha, wewe unauza viatu. Niambie ukweli wa Mungu. Mama akija dukani kwako na mtoto, unamuuzia kiatu cha saizi yake, au unamuuzia kikubwa na pamba juu?"

Kocha akaanza kucheka mpaka akashika mlango wa vani, maana pamba alikuwa anaiweka pale pale karibu na mashine ya kupokelea pesa, na mama yangu alikuwa ameiona. Baadaye, aliponyamaza, alimweleza kwa upole kwamba kiatu kikubwa kinamchelewesha mtoto tu, bali skii ndefu mno inamchukua mtoto kwenda isikojulikana. Siku hiyo alinipa fupi zilizokuwa nyuma ya vani, na zile ndefu tukarudi nazo nyumbani. Sikuwahi kuzifikia kwa urefu. Ziko mpaka leo kwenye roshani ya Mama, amezilaza juu ya ndoo mbili, anaanikia nguo.

Namna yake ya kuchagua skii naweza kuieleza nikiwa usingizini, na leo nalipwa mshahara kwa kuieleza. Kwanza aliisimamisha mbele ya uso wako. Skii ya reli ilitakiwa iishie kati ya kidevu na pua; ikipita hapo ilikuwa nzito kuzungusha hewani. Kisha alizikutanisha mbili, tumbo kwa tumbo, na kutazama upenyo unaobaki katikati. Upenyo huo aliuita mgongo. "Isiyo na mgongo itakuchekea kwenye reli, halafu itakuacha kwenye barafu," alisema. Kisha alizikunja kwa goti. Laini kupita kiasi zilikuwa tamu juu ya chuma, ila barafuni zilitetemeka mpaka meno yanagongana. Ngumu kupita kiasi zilikuwa za mbio, kama zile za Mama. Hakupenda skii pana, kwa kuwa pana huchelewa kulala ubavu pale unapohitaji makali upesi. Wala hakupenda nyepesi, hata wauzaji wazisifie vipi, kwa sababu nyepesi hupasuka ukingoni ikigongwagongwa na chuma. Alizisogeza karibu kabisa na miwani yake, akafuatilia ukingo wote kutafuta ufa mwembamba kama unywele, na akiuona ufa hakujali rangi wala jina wala punguzo la bei.

Halafu ndipo ilipokuja tupa. Aliua makali chini ya buti tu, pale ambapo skii hukaa juu ya reli, na mbele na nyuma aliyaacha makali yake yote. Sehemu ya kuua ilikuwa upana wa kiganja kimoja. Nilipomletea zangu nikamwambia apime kwa kiganja chake kwa sababu ni kikubwa, nami nataka kuteleza vizuri kwenye chuma, alinishika mkono akaulaza juu ya skii. "Kiganja chako, si changu," alisema. "Wewe ndiye utakayeanguka." Kila mara akimaliza alipuliza unga wa chuma, akaitazama ile sehemu butu na kusikitika kwa sauti. Pale pale chini ya mguu ndipo barafu inapotaka makali kuliko kwingine kote, na pale pale ndipo yeye alipoyaua.

Kuhusu lugha alikuwa dikteta. Viti vya kupandia mlimani, vile vinavyovutwa juu kwa waya, hubeba watu wawili wawili, na sheria yake ilikuwa kwamba kitini Kiingereza hakipandi. Sisi tulikuwa watoto wa kusikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, kila mtu alituzoea hivyo, hata wazazi wetu walikuwa wameshakata tamaa. Kocha alikuwa hajakata.

"Kocha, my toes are gone," nililalamika siku moja.

"Vidole vimefanya nini?"

"Vime… freeze."

"Vimekufa ganzi. Sema."

"Vimekufa ganzi."

"Vya mguu gani?"

"Wa left."

"Basi hata huo mguu haujulikani ni wa nani. Sema tena." Na kiti kilikuwa kinapanda polepole, upepo unapenya, huna pa kukimbilia. Neno ganzi nililipata hapo, na neno ukingo, na upenyo, na kusikitika pia, maana alikuwa akilitumia sana kwa habari zetu. Mama mpaka leo hujisifu kwamba Kiswahili changu kimetoka kwake. Namwachia.

Usidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja katika kila jambo. Alichukia baridi. Alivaa sweta mbili, juu yake shali ya mkewe, na kutoka Unionville mpaka Rexdale, kutoka Rexdale mpaka kilimani, alilaani theluji kwa Kiswahili, Kigujarati na Kiingereza, kisha akawa wa kwanza kufunga buti. Aliteleza juu ya chuma akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanalinganisha dawa za presha, lakini lifti ya jengo letu alikuwa haiingii. Ilimkwamisha mara moja akiwa na gunia la mchele alilomletea jirani mgonjwa, na tangu hapo alipanda kwa ngazi mpaka kwetu juu, akifika anahema, akakataa kiti kwanza ili tusione kwamba anakihitaji.

Alikuwa mchoyo wa sifa kuliko mtu yeyote. Ungeweza kufanya jambo ambalo kilima kizima kimesimama kulitazama, wewe ukamgeukia yeye, naye akasema, "Haikuwa mbaya." Hiyo ilikuwa siku njema. Siku za kawaida alikuambia kosa lako na kwenda kunywa chai kwenye chupa yake. Niliwahi kumchukia kwa hilo, nilipokuwa msichana. Nilimwambia Mama kwamba mzee yule hana moyo. Mama alinijibu kwamba mtu asiye na moyo habebi watoto wa watu kila Jumamosi, na kwamba niende nikaoshe vyombo.

Sheria yake nyingine ilikuwa marufuku ya reli za mtaani. Reli za kilimani zilikuwa halali. Za ngazi za shule, za maduka, za kanisa, haramu, na alituapisha. Alisema zile hazikutengenezwa kwa ajili yetu, na kwamba siku mtoto mweusi wa Rexdale akidondoka kwenye ngazi za watu, hakuna atakayeuliza kwanza kama ameumia. Tulimwelewa. Kwa hiyo naomba mtu anieleze kilichotokea ile asubuhi ambapo mvua ya barafu ilifunga kilima, tukarudi mjini tumenuna, na Kocha akasimamisha vani nyuma ya maduka karibu na nyumbani kwetu ili tushuke.

Palikuwa na ngazi ndefu kidogo kuelekea maegesho, na katikati yake reli ya chuma, ya chini, iliyonyooka. Theluji ilikuwa imejaa juu. Kocha alishuka kufungua mlango wa nyuma, akaiona. Akaiendea, akavua glavu, akaipapasa yote kwenda na kurudi. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kaeni ndani ya gari," alisema, na akachukua skii zake.

Tulibandika pua kwenye kioo. Alijisukuma mara mbili, akaruka, akatua juu ya ile reli kwa ubavu, shali ya mkewe ikipepea, akateleza mpaka mwisho bila kuyumba, akatua chini kwenye barafu tupu. Hapo ndipo mahali ambapo vijana wote huanguka. Yeye alilaza skii, zikalia, zikashika, akasimama hatua chache kabla ya mapipa ya taka. Mlinzi wa maduka alikuwa ameshatoka mbio. Kocha, ambaye alifanya biashara yake yote kwa Kiingereza na kujaza kodi zake kwa Kiingereza, siku hiyo hakujua hata neno moja la lugha hiyo. Alimweleza mlinzi kwa Kiswahili, kwa heshima na kwa urefu, kuhusu hali ya hewa ya Mwanza, mpaka mlinzi akachoka akaenda zake. Alirudi kwenye gari, akafunga mkanda.

"Mmeona?" alituuliza.

"Tumeona, Kocha!"

"Hamkuona kitu."

Nilipokuwa mkubwa niliingia mashindano ya reli yaliyofanyika katikati ya jiji. Walijenga ngazi za mbao, wakaweka chuma, wakaleta theluji kwa malori, na baridi ya usiku ikaigeuza kuwa kioo. Wenzangu walikuja na skii mpya, laini, nyepesi, zilizouawa makali toka ncha mpaka ncha kwa ajili ya chuma. Zangu zilikuwa kuukuu na nzito, na zilikuwa butu kiganja kimoja tu, kiganja changu. Nilisimama juu pale nikawatazama wakiteleza kabla hata ya kuifikia reli, wakiifikia upandeupande, wakiruka vibaya. Wengine walikuwa hodari kuliko mimi, nasema kwa haki. Ila mimi niliifikia reli nikiwa nimenyooka, kila mara, na nilipotua nilisimama. Nikashika nafasi ya pili. Kocha alikuwa nyuma ya uzio, amejifunika shali. Nilimkimbilia na medali.

"Mguu wa kushoto ulichelewa," alisema.

Nililia njia nzima, kwa hasira. Wiki iliyofuata Mama alirudi kutoka dukani na mifuko hakuiweka chini. Alikuwa amekutana na mwanamke mmoja wa Unionville, wa jamaa za Kocha, ambaye alimuuliza kama yeye ndiye mama wa yule msichana. Msichana gani? Yule ambaye mzee ameleta video yake jamatkhana, nyumba yao ya ibada, akamshika kila mtu aliyetoka kusali, akamwonyesha kwenye simu, akairudisha nyuma, akamwonyesha tena, mpaka chai ya watu ikapoa. Mzee amewaambia kwamba nchi hii nzima hakuna anayetua barafuni kama msichana huyo. Mama alisema yote hayo akiwa amesimama mlangoni. Kisha tukakaa chini wote wawili tukacheka tukalia.

Miaka ikapita. Watoto wa vani tukatawanyika, wengine Alberta, wengine Marekani. Mimi nilibaki. Nilipata kazi kwenye duka la vifaa vya theluji, kazi ya kuchagulia watu skii, na Jumamosi nikawa nafundisha kwenye kilima kile kile. Nilisikia Kocha amefunga duka lake. Nilisikia amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na kwamba majira ya baridi yamepita hajaonekana kwenye theluji. Nilimpigia simu, akaniambia yuko salama, akauliza hali ya barafu, akakata.

Kisha asubuhi moja mlango wa duka ukafunguliwa akaingia yeye, amepungua mwili, na nyuma yake mwanawe mkubwa, daktari wa meno.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Nataka skii," alisema, bila kuuliza habari. "Za barafu na reli."

Mwanawe alinivuta pembeni ya rafu za glavu. Kiswahili chake ni cha kukatikakatika, lakini alijitahidi. "Rehema, tafadhali. Sisi amekataa kutusikia. Wewe mwambie no. Atakusikia wewe."

Nilimtazama Kocha. Alikuwa ameshashika skii moja na anaipitisha kwenye ukucha wake, amesimama ameegemea mguu mmoja. Nilijua nikisema hapana, tena mimi, basi mwisho wake ni kile chumba cha kioo. Nilijua pia nikimpa anachotaka, reli moja tu inatosha kumrudisha hospitali. Nikamkalisha, nikamvalisha buti, nikamwambia asimame mguu mmoja. Wa kulia ulisimama. Tukabadilisha. Wa kushoto ulitetemeka, nyonga ikaachia, akashika rafu. Sote wawili tuliona.

"Kocha," nilisema, "reli basi."

Alimtazama mwanawe, kisha mimi. "Huyu kakutuma."

"Ameniomba nikwambie hapana. Sijasema hapana. Nimesema reli basi."

Nilitamani aniambie kosa langu. Mwisho akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na barafu?"

Nikaenda nyuma nikaleta jozi niliyokuwa nimeshaichagua kichwani tangu nilipomwona akiingia mlangoni: fupi, nyembamba kiunoni, yenye mgongo wa kutosha, isiyo ngumu ya kuichosha ile nyonga. Alizikutanisha tumbo kwa tumbo. Alizikunja, kidogo. Alipitisha ukucha kutoka nchani mpaka mkiani, na vumbi jeupe la ukucha likabaki kwenye chuma.

"Hapa chini ya buti utapitisha tupa?" aliuliza.

"Ya nini? Huendi kwenye reli."

Mkono wake ulisimama pale katikati. Katika kuteleza kwake kote nilikokushuhudia, mzee huyu hakuwahi kusimama juu ya skii yenye makali kamili chini ya mguu. Daima alikuwa ameyatoa sadaka kwa ajili ya chuma.

"Yaani yote?" alisema. "Mwanzo mpaka mwisho?"

"Yote, Kocha."

Alizigeuza, akazitazama tena, akarudia kuzipitisha ukucha, na safari hii alikuwa anatabasamu peke yake kama aliyesahau kwamba tupo.

Jumamosi tulikuwa kilimani. Ilikuwa sakafu, sakafu ya kutisha. Watu walikuwa wanaanguka hata kwenye foleni. Tulipanda kwenye kiti pamoja, na kule juu nikajiweka nyuma yake na mikono imetanuka, tayari kumdaka. Akageuka akanifokea nishushe mikono, mimi si ndege. Akajisukuma. Mpindo wa kwanza ule mguu wa kushoto ulitetemeka. Wa pili ukatetemeka kidogo. Wa tatu skii zikalala ubavu, zikashika, na zikanyamaza. Sikuwahi kusikia skii zikinyamaza kwenye barafu ile. Zetu zote zililia, zake zilikuwa zinakata tu, zikiacha mistari miwili myembamba mpaka chini, na vijana waliokuwa wamekaa kwa matako kando ya njia wakamgeuzia vichwa. Alipozipita reli alizitazama mara moja, kisha akatazama mbele. Mimi nilikuwa namfuata huku machozi yananigandia kwenye miwani, na sijawahi kujisikia fahari kama ile, si siku ya medali wala siku nyingine yoyote.

Chini, mwanawe alikuwa ndani ya kile chumba cha kioo na kikombe cha kahawa, anatupungia mkono. Kocha hakumwona. Alisubiri nimfikie, watu wamejaa pande zote, akaegemea fimbo zake za kujisukumia na kuhema.

"Umenichagulia vizuri, Rehema," alisema, kwa sauti kubwa, machoni pangu. "Vizuri sana."

Kisha akaingia kwenye foleni ya kupanda tena.